Mrushaji wa Akiba

 

Kijana mmoja wa Mbesa, wilayani Tunduru, ameniletea swali ambalo sikulitarajia. Ameona kwenye simu video ya Mwafrika akirusha mpira mdogo mweupe huko Marekani. Uwanja mzima umesimama, kelele tupu. Jamaa anarusha mipira kama kumi na mitano, anapeana mikono na wenzake, basi, kazi imekwisha. Kijana anauliza: mtu huyo ana kazi nyingine, au hiyo ndiyo kazi yenyewe? Na analipwa?

Ndiyo kazi yenyewe, na analipwa. Wengine hulipwa fedha ambazo hata kuzitamka hapa redioni ni taabu. Lakini ni kazi ya ajabu, na nimeona tuizungumzie leo, kwa sababu naamini kama siku moja kijana wa Afrika Mashariki atasimama kwenye ligi kuu ya Marekani, atapitia mlango huu na si mwingine.

Mchezo unaitwa besiboli. Sheria zake zote sitazieleza, kwa maana tutafika usiku wa manane hatujamaliza. Shika haya machache. Mrushaji anasimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye rungu. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Mpira una uzito wa kati ya gramu 142 na 149, na ni mgumu. Mpigaji akishindwa kuupiga mara tatu, anatoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana, na kila timu ina zamu tisa za kupiga. Anayeanza kurusha huchoka, pengine kwenye zamu ya tano au ya sita. Hapo ndipo anaitwa mtu wetu wa leo, mrushaji wa akiba.

Sasa usimfikirie kama mchezaji wa akiba wa soka, anayeingia dakika ya 80 ili aonekane na mama yake kwenye televisheni. Wapenzi wa soka mtakumbuka Kombe la Dunia la 2014, robo fainali, Uholanzi na Costa Rica. Muda wa nyongeza ulipokuwa unayoyoma, kocha Louis van Gaal alimtoa kipa wake aliyedaka vizuri mechi nzima, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul akapangua mbili, Uholanzi ikapita. Tuliokuwa tunatazama tulishangaa kocha amepata wapi ujasiri ule. Basi mrushaji wa akiba anafanya jambo la namna hiyo mara 60 kwa msimu. Ligi ya Marekani ina mechi 162 kwa kila timu, karibu kila siku, na yeye anaingia pale ambapo mwenzake ameshaharibu, wapinzani wamejaa kwenye vituo wanavyovipitia kutafuta mkimbio, yaani pointi, na uongozi ni wa mkimbio mmoja.

Zamani hapakuwa na kazi hii. Mrushaji alianza mechi na kuimaliza mwenyewe, na aliyekaa benchi alikuwa mzee aliyechoka au kijana asiyeaminika. Waliobadilisha mambo ni wachache, na mmoja wao nampenda sana: Hoyt Wilhelm. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia, akajeruhiwa, akarudi nyumbani, na ligi kuu akaiingia mwaka 1952 akiwa anakaribia miaka 30, umri ambao wengine wanaaga. Hakuwa na kasi. Alikuwa na mpira wa ajabu usiozunguka, unaoyumbayumba hewani hata mdakaji wake mwenyewe hajui utatua wapi. Akacheza hadi anakaribia miaka 50, mechi 1,070. Mwaka 1985 akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kuingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Na kuna kituko kimoja. Mara ya kwanza kabisa kushika rungu kwenye ligi kuu aliupiga mpira nje ya uwanja, na katika miaka yote iliyofuata hakuupiga nje tena hata mara moja.

Hesabu nayo ilichangia. Mwandishi wa habari wa Chicago, Jerome Holtzman, aliona warushaji hawa wanaokoa mechi na hakuna kitabu kinachowaandika. Mwaka 1960 akatunga namna ya kuhesabu uokoaji, na mwaka 1969 ligi ikaifanya takwimu rasmi. Kwa kifupi, ukiingia mwishoni timu yako ikiwa mbele kwa mikimbio isiyozidi mitatu, ukamaliza bila kupoteza uongozi, umeokoa. Tangu hapo mtu wa akiba akawa na namba ya kwenda nayo mezani kudai mshahara. Msikilizaji, kazi isiyo na hesabu ni vigumu kuidaia malipo. Mama zetu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Bingwa wa hesabu hiyo alikuwa mtoto wa mvuvi. Mariano Rivera alizaliwa Panama na kukulia kijiji cha Puerto Caimito, ambako utotoni walichezea glavu za maboksi. Yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye mashua na baba yake. Mwaka 1990 New York Yankees wakamsajili kwa dola elfu chache tu. Alikuwa hajui Kiingereza, mwembamba, na hakuna aliyemtarajia makubwa. Kufikia mwaka 1997 akagundua, karibu kwa bahati, kwamba mpira wake unapokaribia kwa mpigaji unakata pembeni kidogo dakika ya mwisho. Aina hiyo moja ya mpira ndiyo iliyomlisha kwa miaka zaidi ya 15. Wapigaji walijua unakuja, wakausubiri, na bado marungu yao yalivunjika mikononi. Aliokoa mechi 652. Kura za jumba la heshima zilipopigwa mwaka 2019 zilikuwa 425, na zote 425 zilimchagua yeye. Hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kupata kura zote.

Hata Rivera alianguka, na alianguka pabaya. Novemba 2001, mechi ya saba na ya mwisho ya fainali, dhidi ya Arizona, Yankees wako mbele, yeye kilimani. Akapoteza. Mpira wa mwisho ulipigwa vibaya, rungu likapasuka, lakini ukadondoka pasipo na mtu. Kuna simulizi inayofuata hapo ambayo Rivera mwenyewe ameisimulia. Mwenzake wa timu, Enrique Wilson, alikuwa amepanga kubaki New York kwa gwaride la ubingwa kisha arudi kwao Jamhuri ya Dominika. Kwa kuwa walishindwa, gwaride halikuwapo, akabadilisha tiketi na kuondoka mapema. Ndege aliyokuwa asafiri nayo, ya tarehe 12 Novemba, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka New York, wakafa watu 265. Rivera alisema hapo ndipo alipofurahi kwamba walipoteza.

Lakini Rivera ni mmoja. Wengi katika kazi hii hawana wimbo unaopigwa wanapoingia uwanjani. Maisha yao ni ya kungoja simu. Simu kweli, ya ukutani, iliyofungwa kwenye eneo la pembeni ambako warushaji wa akiba hukaa. Kocha anapiga, anataja jina, mtu anaanza kupasha mkono. Mechi inatulia, anaambiwa kaa. Zamu inayofuata mambo yanaharibika, anainuka tena, anapasha tena. Mara nyingine mechi inaisha hajaingia, na mkono umechoka vilevile. Kwenye takwimu za siku hiyo jina lake halipo. Kesho anaulizwa kama yuko tayari, naye atasema ndiyo, kwa sababu anayesema hapana anarudishwa ligi ndogo.

Na kurudishwa ni jambo la kawaida mno. Utaratibu wao unaruhusu timu kumshusha kijana ligi ya chini na kumpandisha tena katika misimu isiyozidi mitatu, bila kumuweka wazi kwa timu nyingine. Ilifika mahali mrushaji mmoja anapanda na kushuka kila wiki, begi halifunguliwi, mpaka mwaka 2022 wakakubaliana mwisho uwe mara tano kwa msimu. Fikiria mara tano ni ahueni!

Ukitaka kuona safari hiyo kwa Mwafrika, mtazame Tayler Scott. Ni Mzungu wa Afrika Kusini, amezaliwa Johannesburg mwaka 1992, akahamia Arizona akiwa kijana. Chicago Cubs walimchagua mwaka 2011. Ligi kuu aliikanyaga tarehe 8 Juni 2019, na Seattle, akiwa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kufika huko. Hesabu mwenyewe: miaka minane ya ligi ndogo, ya mabasi na vyumba vya kushirikiana. Na alipofika alipigwa vibaya. Wakamwacha, Baltimore wakamchukua, akapigwa tena. Akaenda Japani, Hiroshima, mwaka 2020 na 2021. Akarudi, San Diego. Mwaka 2023 pekee alivaa jezi za timu tatu: Los Angeles Dodgers, Boston na Oakland. Mtu mwingine angekwenda kutafuta kazi ya bima. Mwaka 2024, akiwa na miaka 32, Houston wakampa nafasi, akacheza mechi zaidi ya 60, na wastani wake wa mikimbio aliyoruhusu ukawa miongoni mwa wastani bora wa warushaji wa akiba wa ligi nzima. Mwaka mmoja wa neema. Mwaka 2025 Houston wakaachana naye.

Kabla yake alikuwapo Gift Ngoepe, Mwafrika wa kwanza kabisa kufika ligi kuu, tarehe 26 Aprili 2017, na Pittsburgh Pirates. Huyu hakuwa mrushaji, alikuwa mlinzi wa vituo. Alikulia ndani ya jengo la klabu ya besiboli huko Randburg, kwa sababu mama yake alikuwa mfanyakazi wa hapo na alipewa chumba. Alipiga vizuri mara ya kwanza kabisa aliposhika rungu kwenye ligi kuu, lakini hakudumu, na ni upigaji uliomwangusha.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kupiga ni lugha inayofundishwa utotoni. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa mpigaji chini ya nusu sekunde, na macho yanayoweza kuusoma yameona maelfu ya mipira tangu umri wa miaka saba. Mtoto asiyekulia kwenye mchezo huu amechelewa kabla hajaanza. Kurusha ni tofauti. Kuna kifaa cha kupima kasi, unakielekeza kwenye mpira, kinasoma namba. Namba haijali umezaliwa wapi wala kocha wako ni nani. Na kati ya warushaji, anayeanza mechi anahitaji aina tatu au nne za mipira na mapafu ya saa mbili; wa akiba anaweza kuishi kwa aina mbili, akizirusha kwa nguvu zake zote kwa robo saa.

Na mikono tunayo. Julius Yego wa Kenya alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 huko Beijing kwa mita 92.72. Watoto wa Mbesa wanaoamia mpunga na mahindi wanarusha mawe tangu alfajiri, kwa mkono na kwa teo, na nyani wa kusini mwa Tunduru si mnyama wa kutishwa na jiwe linalopita mbali. (Tembo ni habari nyingine. Kwa tembo tafadhali usirushe kitu, waite askari wa wanyamapori.)

Lakini nisije nikamdanganya kijana wangu kwamba mkono peke yake unatosha. Wahindi walijaribu njia hiyo. Mwaka 2008 yalifanyika mashindano ya televisheni huko India kutafuta mkono wenye kasi, na warusha mkuki wawili, Rinku Singh na Dinesh Patel, ambao hawakuwahi kushika mpira wa besiboli, wakaibuka na kusajiliwa na Pittsburgh Pirates. Filamu ikatengenezwa. Ligi kuu hawakufika. Rinku alijitahidi kwa miaka, kisha mkono ukaumia, na leo wanaomfahamu wengi wanamfahamu kwa mieleka. Mkono unakufungulia mlango, ila ndani kuna kazi ya kujifunza ambayo hakuna mashindano ya televisheni yanayoweza kuifupisha.

Jirani zetu wa Uganda wameielewa vizuri zaidi. Walianza na watoto. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, na ikawafunga Wamarekani wa Oregon kwenye mechi ya faraja, 3 kwa 2. Mwaka 2015 timu ya Mpigi ikawafunga Wadominika, taifa linaloishi kwa besiboli, 4 kwa 1. Huko Mpigi Mmarekani mstaafu, Richard Stanley, alikuwa amejenga shule na viwanja. Miaka kumi baada ya Lugazi, mwaka 2022, Los Angeles Dodgers wakasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote wawili warushaji. Kisha yupo David Matoma, Mganda mwingine, mkono wa kulia, wa Pittsburgh Pirates, mrushaji wa akiba mwenye kasi inayowafanya watu wageuke. Hao Pittsburgh wana kitu na watu wetu: Ngoepe, Wahindi, sasa Waganda. Mechi zao za usiku kule huanza kama saa saba na dakika arobaini usiku wa saa zetu, kwa hiyo mrushaji wa akiba akiingia, Mbesa ni karibu saa kumi alfajiri. Ukisikia jirani anashangilia wakati huo, usimpigie polisi.

Sisi Tanzania tumechelewa lakini hatujalala. Mchezo uliletwa na Wajapani, hasa Shinya Tomonari, aliyewahi kufanya kazi ya besiboli Ghana kabla ya kuja kwetu. Makao ya mchezo huo ni Dar es Salaam, sekondari ya Azania, ambako uwanja wa besiboli ulifunguliwa Desemba 2018, na mashindano ya kitaifa yamepewa jina la Koshien, kama yale maarufu ya shule za sekondari Japani. Kwa Songea, mji ambao timu ya Majimaji iliuletea ubingwa wa soka mwaka 1985 na 1986, mchezo mgeni wa viatu na glavu utaonekana kama mzaha. Sioni sababu ya kulazimisha. Kijana wa Mbesa aanze na mkuki na tufe kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, vitu vilivyopo.

Fedha sasa, kwa sababu swali lilikuwa kama analipwa au halipwi. Kabla ya mwaka 2021, kijana wa daraja la chini kabisa la ligi ndogo alipata chini ya dola 5,000 kwa mwaka mzima. Wachezaji wakajiunga na chama, na mkataba wa mwaka 2023 ukapandisha kiwango hicho hadi dola 19,800, na daraja la pili kutoka juu hadi 30,250. Ukifika ligi kuu, kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Na juu kabisa, mwishoni mwa 2022 Edwin Díaz wa Puerto Rico alisaini na New York Mets mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 102, kwa kuingia mwishoni mwa mechi na kurusha mipira kumi na mitano. Kati ya 19,800 na milioni 102 kuna bonde, na wengi wanazikwa humo bondeni.

Kinachowazika zaidi ni kiwiko. Kiungo cha binadamu hakikuumbwa kwa kurusha namna ile, na kano ya ndani ya kiwiko hukatika. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John, akatoa kano sehemu nyingine ya mwili wake, akaipandikiza kiwikoni. John alirudi mwaka 1976 na akashinda mechi nyingine 164, na upasuaji huo hadi leo unabeba jina la mgonjwa badala ya daktari. Kupona huchukua mwaka na zaidi. Ndiyo maana ligi ya watoto ya Marekani tangu 2007 inahesabu mipira: mtoto wa miaka 11 au 12 akifikisha mipira 85 kwa siku anatolewa, awe anashinda au hashindi. Makocha wetu wa shule, hilo lisikieni. Mtoto anayerusha mkuki hadi bega linawaka anaharibiwa.

Na jambo la mwisho ni la mzazi. Mwaka 2011, mwaka mmoja kabla ya Lugazi, timu nyingine ya watoto wa Uganda ilikuwa imeshafuzu kwenda Williamsport. Ubalozi wa Marekani ukawanyima viza kwa sababu kumbukumbu za kuzaliwa na umri hazikulingana. Watoto wakabaki nyumbani wakati nafasi yao ipo. Wakanada wa Langley, ambao ndio wangekutana nao, wakachangishana nauli na Januari 2012 wakaenda wenyewe Uganda kucheza ile mechi iliyopotea. Uganda ikashinda 2 kwa 1. Ni ukarimu mkubwa, lakini si kila mtoto atafuatwa nyumbani na Wakanada. Timu za Marekani huchunguza umri kwa ukali, kwa sababu huko nyuma wamedanganywa sana. Kwa hiyo mama wa Mbesa, kama mwanao amezaliwa hapo hospitali ya misheni na tangazo la kizazi bado limekunjwa kwenye mfuko wa nguo, mpeleke akaandikishwe RITA apate cheti cha kuzaliwa. Kitamfaa kwa besiboli, kitamfaa kwa mkopo wa chuo, kitamfaa kwa pasipoti ya kwenda popote. Ofisi ya wilaya iko Tunduru mjini, nenda siku ya kazi, asubuhi.

Wiki ijayo kuna barua za mnada wa korosho, na zimefika nyingi.